Vitonge vya Asali ya Mahari

Mwalimu Ndinda hakuwa mtu wa kuonja chakula huku akitabasamu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha upishi pale Mwingi, na wanafunzi wake walijua kwamba akiweka kijiko mdomoni kisha akanyamaza, wamekwisha. Hata binti yake mwenyewe, Mumbua, alimwangusha katika mtihani wa keki kidato cha nne, kwa sababu keki ilikuwa mbichi katikati. Msichana alipolia, alimwambia, "Tumbo la mlaji halijui wewe ni mtoto wa nani."

Lakini Ijumaa ile ya Oktoba 1992, saa mbili asubuhi, alikaa mezani mbele ya vitonge kumi na vitano vya chokoleti, akaomba kimoyomoyo viwe vitamu. Aliomba kama mtu anayeombea mgonjwa.

Kesho yake, Jumamosi, wazee wa akina Mbuvi walikuwa wanakuja na mbuzi wa suluhu kumrudisha Mumbua, aliyekimbilia kwao, kwa mumewe Mbuvi. Kiilu, babake Mumbua, alikuwa amekubali. Alikuwa mzee wa kanisa, na alisema ndoa ni kuvumiliana. Alipokuwa akisema hivyo hakuutazama mkono wa kushoto wa binti yake, ambao Mbuvi aliupiga kwa mpini wa jembe mwezi wa Agosti. Vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena. Ndinda alikuwa amebishana, amelia, amekwenda kwa pasta. Pasta aliwaombea wote wanne, yeye Ndinda, Kiilu, Mumbua na Mbuvi, kwa usawa kabisa.

Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki. Mwanahamisi, mwenye duka karibu na msikiti, alikuwa na kaka aitwaye Othman, mpishi wa vitamutamu katika hoteli kubwa ya Mombasa, aliyekuja kumtembelea kwa wiki moja. Othman alikuwa akitafuta msichana wa kufinyanga vile vitonge vya chokoleti ambavyo wageni hula baada ya chakula cha jioni, na ambavyo hotelini huitwa trafeli. Alimpa Mumbua bamba moja la chokoleti, kubwa kama tofali, na masharti mawili.

"Usitie sukari," alimwambia. "Sukari kila mtu anayo. Nataka utamu wa kwenu. Na kila ladha ije na karatasi yake, iliyoandikwa na mtu anayejua kuonja. Aandike ukweli."

Othman angeondoka leo baada ya swala ya Ijumaa, yeye na dadake. Akipendezwa, Mumbua angepanda gari lao. Asipopendezwa, kesho ni mbuzi.

Mumbua alivitoa vitonge katika friji ya makaa, lile sanduku la waya ambalo kuta zake zilijazwa makaa yaliyomwagiwa maji usiku kucha. Havikuwa vimeyeyuka. Alivipanga vitatu vitatu kwenye sahani: iliki, tangawizi, ukwaju, kahawa, ganda la chungwa.

Ndinda alisukutua kwa maji ya vuguvugu, akatafuna kipande cha ugali wa jana kusafisha ulimi, akachukua cha iliki. Hakukitafuna. Alikiacha kiyeyuke chenyewe. Chokoleti ikaja kwanza, nzito, yenye uchungu kidogo, halafu iliki ikapanda puani, halafu asali ikafunga yote vizuri kama kifuniko. Alihisi mabega yakimshuka. Kilikuwa kizuri. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu.

Ndipo koo likashika moto.

Haukuwa moto wa pilipili, ambao huchoma ulimi na kupita. Huu ulikuwa nyuma kabisa, kule kidole kisikofika, na ulikuwa unaongezeka.

"Ulisaga iliki kwenye kinu cha pilipili?"

"Hapana, mwaitu. Nilikiosha mara mbili." Mumbua alimwita mama kwa Kikamba, kama alivyofanya tangu utoto.

"Lete ukwaju."

Ukwaju ulikuwa vilevile. Utamu, ukali mzuri wa ukwaju, pumzi tatu, kisha moto. Kahawa, moto. Chungwa, moto. Alipomaliza cha tangawizi macho yalikuwa yanamtoka machozi, na Mumbua alikuwa amesimama akibana kitambaa cha sahani kwa mkono wake mzima.

Waliionja chokoleti iliyobaki kwenye karatasi yake. Haikuwa na neno. Walionja malai ya maziwa ya mbuzi, nayo yalikuwa salama. Kisha Ndinda akapiga magoti, akauvuta mzinga wa asali uliokuwa chini ya kitanda, ule wa gogo lenye kifuniko cha ngozi, akatia kidole.

Alipiga chafya, akakohoa, akakaa sakafuni.

"Hiyo ni asali ya mnyaa," alisema mtu mlangoni.

Alikuwa Kalunde, mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kizingitini akipukuchua mbaazi chache za mwaka wa jana. Hakuinua kichwa.

"Mwaka ule walipoleta mahari mvua ilikataa," aliendelea. "Nyuki hawakupata ua lolote ila la mnyaa, ule mti wa utomvu unaochoma. Asali ya hivyo hupikiwa pombe, moto wake unaishia humo. Hailambwi na mtu."

"Ulijua, susu?" Mumbua alimwuliza nyanyake.

"Niliijua kwa rangi siku walipoileta."

"Na hukusema, mama," Ndinda alisema.

"Nani aliniuliza? Nyinyi watu wa kanisa, mtu akitaja pombe mnafungua Biblia. Nikajua mtaiacha hapo chini ya kitanda mpaka Yesu arudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Asali ya mahari haikataliwi, maana kuikataa ni kuwatukana walioileta. Wazee huipikia pombe, wakanywa, mambo yakaisha. Lakini nyumba ya Kiilu haikupika pombe. Kwa hiyo waliipokea kwa shukrani, wakaiombea, wakaisukuma uvunguni, na kwa miaka miwili hakuna aliyefungua kifuniko. Ukame wa 1992 ulipomaliza asali sokoni, Ndinda mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Alikifungua Jumatano, akaikinga kwa bakuli, akampa binti yake. Hakuonja. Mwalimu ambaye kila Januari aliandika ubaoni kwamba kila kitu kionjwe kabla hakijaingia sufuriani, hakuonja, kwa sababu asali ya mahari ni kitu cha wazee na mkono wake ulikataa kwenda mdomoni. Mumbua naye aliamini mamake ameionja, akapika bila kulamba.

"Chokoleti ngapi imebaki?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ile uliyoonja."

Ilikuwa saa nne. Ndinda alirudi mezani, akavuta karatasi, akaanza kuandika haraka. *Iliki: joto la kupendeza baada ya kumeza. Ukwaju: joto la kipekee la Ukambani.* Mumbua alisoma juu ya bega lake.

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika chochote kitakachokutoa hapa."

"Mgeni akikohoa mbele ya meneja, watanirudisha, mwaitu. Basi la Mombasa pia linarudi. Nitashukia kwa Mbuvi." Aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Na keki yangu uliiangusha."

Ndinda aliitazama karatasi. Kisha aliipasua vipande viwili, akaweka chini ya jiwe la kusagia, akachukua nyingine. Alipiga mistari kwa rula kama afanyavyo shuleni: umbo, harufu, ladha, baada ya kumeza, sababu ya kasoro. Aliandika kwa nusu saa. Hakumwonyesha mtu.

*

Othman alirudi dukani kutoka msikitini akiwa na kanzu nyeupe na njaa. Mwanahamisi alikuwa amekwisha funga duka nusu, mizigo iko ndani ya gari. Ndinda na Mumbua waliiweka sahani ya vitonge juu ya kaunta, kati ya sabuni na majani ya chai. Othman alichukua cha iliki, akafumba macho.

Ndinda alihesabu pumzi. Ya tatu ilipofika, Othman alifumbua macho, akatazama sahani, akaomba maji. Alikunywa bilauri nzima.

"Mwalimu," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "mnataka kuniua?"

"Soma karatasi."

Aliisoma kwa sauti, kama mtu asomaye barua ya mwenziwe. "'Iliki. Harufu, nzuri. Ladha, nzuri sana, haikuzidi. Baada ya kumeza, koo linaungua kwa muda wa robo saa. Kasoro kubwa, hakifai kupewa mgeni. Sababu: asali ya mnyaa. Aliyeitoa ni mamake, ambaye ana diploma na hakuonja.'" Alimtazama Ndinda. "Wewe ndiye mama?"

"Mimi ndiye."

"Wallahi sijaona mama akimwandikia mwanawe hivi."

"Huyu?" Mwanahamisi alisema. "Huyu alimwangusha mtihani wa keki. Mji mzima unajua."

Othman alicheka, akaendelea. "'Umbo. Vyote ni bapa upande mmoja. Sababu...'"

Hapo aliacha kusoma kwa sauti. Macho yake yalishuka mstari, yakarudi juu, yakashuka tena. Alichukua kitonge kimoja, akakigeuza, akaweka kidole gumba juu ya ule ubapa.

"Mwanangu," alisema, "nionyeshe mkono."

Mumbua aliutoa nyuma ya leso, akauweka juu ya kaunta. Vidole viwili vilibaki vimenyooka vingine vilipokunjika. Mwanahamisi aligeuka akaanza kupanga pakiti za chai ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Hivi siwezi kuvipeleka kwa mtu," Othman alisema hatimaye.

"Najua," Ndinda alijibu.

"Meneja anataka mtu Jumatatu."

"Basi mpe chokoleti nyingine na asali nzuri."

"Sina hapa. Iko Mombasa."

"Basi avifinyange Mombasa." Ndinda alisikia sauti yake ikipanda na hakuizuia. "Bwana Othman, kesho wanakuja kumchukua. Nimekuandikia kila kitu, hata kile kisicho cha chakula. Sijakuficha neno. Sijui kuomba vizuri, sikuzoea. Mchukue."

Othman alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Siahidi kazi. Jumatatu atafinyanga mbele ya meneja, na meneja hana huruma hata kwa mamake. Ubapa si hoja, kitonge bapa kitatulia kwenye sahani. Lakini akishindwa..."

"Akishindwa atakaa kwa mama yetu mpaka tujue," Mwanahamisi alimkata. "Panda gari, mwanangu, kabla huyu hajaanza kufikiri."

Mumbua alikuwa na kiondo kimoja na aproni. Mama yake alimfunga leso vizuri kichwani, akakaza fundo kupita kiasi.

"Onja asali," alimwambia. "Hata wakikuambia wameionja."

*

Jumamosi saa nne wazee walifika na mbuzi wao. Mzee Mulei, mkubwa wao, alitangulia. Mbuvi alikuja nyuma, shati limepigwa pasi. Kiilu aliwakaribisha bila kumtazama mkewe. Tangu jana jioni, alipokuta Mumbua hayupo, alikuwa hajamsemesha.

Ndinda alileta chai, kisha sahani yenye vitonge tisa.

"Tumewapikia kwa asali yenu," alisema.

Mzee Mulei alikula kimoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni tamu hii. Mke wetu anajua kupi..."

Hakumaliza. Alishika koo, akakohoa mpaka fimbo ikaanguka. Wenzake walifuata. Kule kizingitini, Kalunde aliendelea na mbaazi zake.

"Hii ndiyo asali tuliyoleta?" Mulei aliuliza alipopata pumzi, akimgeukia Mbuvi.

"Ndiyo hiyo," Ndinda alijibu. "Iliyobaki iko mzingani. Mtaibeba mkiondoka."

"Mke wangu yuko wapi?" Mbuvi aliuliza.

"Ameenda kazini."

Kiilu aliinua kichwa. Ndinda alimjazia Mzee Mulei kikombe cha chai. Hakujua kama alichosema ni kweli. Hangejua mpaka Jumatatu, na hata Jumatatu ingebidi mtu akumbuke kupiga simu ya shule.

Mbuvi peke yake hakukohoa. Alikitafuna chake taratibu, akameza, macho yakageuka mekundu, na bado hakugusa maji.

"Atarudi," alisema.

Ndinda alisukuma sahani mbele yake.

"Ongeza kimoja," alisema.