Kitanda Kilichohudhuria Mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji ulianza saa nne na dakika ishirini, katika chumba cha darasa la tatu, watu wazima wakiwa wamebanwa magoti kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti Nazari aliuliza ni nani ana swali kwa ajili ya mengineyo. Mama Beata alinyoosha mkono.

"Vizuri, mama yangu," mwenyekiti alisema. "Basi tufungulie kwa sala."

Huo ndio uliokuwa utaratibu. Aliyetaka kuuliza alipewa sala, na aliyekwisha kusali hakutarajiwa kugombana tena na mtu. Kwa njia hiyo kijiji kilipata sala nyingi nzuri, za Kikatoliki na za Kianglikana, na kwa miaka sita hakikuwa na swali hata moja.

Watu walifumba macho. Mama Beata alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa usipa, wale dagaa wa ziwani, na kwa viongozi. Kisha akamweleza kwamba binti yake, Beata, ana mimba ya miezi minane. Kwamba zahanati ililetewa kitanda kimoja cha kujifungulia. Na kwamba kitanda hicho kiko uani kwa mwenyekiti, kinaanikiwa usipa. Akaomba kirudishwe. Nazari alikohoa mara mbili, lakini sala haikatizwi.

"Amina," watu walisema, wakafumbua macho.

Kitanda kilikuwa kimesimama mbele ya ubao, magurudumu yamejaa mchanga, usipa wa asubuhi wametandazwa juu yake. Kilikuwa kimekuja chenyewe. Alama zake zilitoka uani kwa Nazari, zikapita kisimani, zikaishia mlangoni. Hakuna aliyeuliza kimefikaje. Wengi walitazama vidole vyao vya miguu, kwa kuwa usipa wale walikuwa wakiwanunua kila wiki, na walijua wanakoanikwa.

Mtendaji Edmund, aliyekuwa akiandika muhtasari, aliuliza kwa sauti ya chini kitanda akiandike wapi.

"Kwenye waalikwa," Nazari alimjibu. "Yaliyosemwa kwenye sala usiandike. Sala haina muhtasari."

Wakajadili mbuzi wanaozurura shuleni. Mkutano ulipofungwa, kitanda kilirudi uani polepole, kwani usipa walikuwa hawajakauka.

Beata alijifungua baada ya wiki tatu, kwenye sakafu ya zahanati, juu ya khanga mbili, muuguzi akiwa amepiga magoti. Mtoto ni wa kike, mzima. Beata mwenyewe bado anatembea kwa kushika ukuta.

Katika mkutano uliofuata Mama Beata alikuja na mjukuu mgongoni. Hakunyoosha mkono. Nazari alisali mwenyewe, akamshukuru Mungu kwa kumjalia Beata kujifungua salama. Watu wote wakasema Amina, na Mama Beata akasema nao. Walipofumbua macho, kitanda kilikuwa kimesimama kando ya Mama Beata, kinanuka usipa.

Tangu hapo hakijakosa mkutano. Siku hizi watu hufumba macho kabla hawajaambiwa, na Amina ikishapita, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufumbua.