Saa Nzima Bila Kuzima Injini

Mke wangu ni mkunga. Barua ya pili ya onyo aliiweka mezani siku ya Alhamisi, juu kabisa ya gazeti nililokuwa nasoma, ili nisipate pa kukwepea. Zamu yake katika kituo kipya cha afya alikohamishiwa inaanza saa moja kamili asubuhi. Basi la kwanza humfikisha huko saa moja na nusu likijitahidi, saa mbili likiwa katika hali yake ya kawaida. Barua ilisema wazi kwamba akichelewa tena ataondolewa chumba cha kujifungulia na kupewa kazi ya kupanga mafaili.

"Miaka thelathini na mmoja napokea watoto," alisema. "Sasa nikapokee mafaili?"

"Tutanunua gari," nikasema.

Alinitazama kama anavyotazama kipimajoto. "Kwa fedha zipi, mzee?"

"Hizo hizo tulizo nazo. Hilo niachie mimi."

Sikuwa nikijigamba. Nimefanya kazi katika stoo ya vipuri vya magari miaka ishirini na sita. Nilipofika arobaini nilijiandikisha masomo ya jioni, nikasoma injini kwa miaka miwili, nikiketi dawati moja na vijana wa umri wa wanangu, na katika mtihani wa mwisho niliwapita wote isipokuwa mmoja. Kuendesha sijui, wala sijawahi kuona haya kusema hivyo. Mwenye leseni nyumbani kwetu ni yeye. Alijifunzia kwenye gari la wagonjwa, na mpaka leo hukata kona kama kuna mtu nyuma anayetaka kuzaa.

Ijumaa niliandika maswali kumi na tisa kwenye daftari. Kisha nikampigia simu muuzaji wa magari yaliyotumika, nikamwambia asiwashe gari lolote kabla hatujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Jumamosi asubuhi tulikuwa yadini kwake. Watu humwita Tabasamu, na nilipomwona nikaelewa. Meno yalitangulia, yeye akafuata.

"Karibu mzee wangu, karibu mama! Leo hamwondoki kwa miguu."

Katika yadi nzima, fedha zetu zilifikia magari mawili tu. La kwanza lilikuwa kubwa, rangi ya fedha, viti vya ngozi, madirisha ya kubonyeza. La pili lilikuwa dogo, jeupe lililoanza kugeuka njano, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, limewekwa ukutani nyuma ya mapipa kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nilianza na lile kubwa. Nikagusa boneti, baridi kabisa. Nikachomoa kijiti cha oili, nikaisugua oili kwa vidole, safi. Nikatazama kama mpira wa pedali umelika kuliko kilomita zinavyodai, nikainama kutafuta kutu, nikapapasa matairi. Maswali kumi na tisa, majibu kumi na tisa mazuri. Mke wangu akalizungusha mitaani dakika ishirini, na likateleza kama linapita juu ya zulia. Nilikuwa nimeketi nyuma, na nakiri kwamba nilikwisha kujiona nikishushwa mbele ya jirani zangu.

Tuliporudi yadini nikatoa kalamu mfukoni.

"Mama, unaweza kuzima sasa," alisema Tabasamu.

"Sizimi."

"Tumemaliza, mama."

"Nyinyi ndio mmemaliza. Mimi, mwanangu, mtoto akishatoka simwachi mama yake. Nakaa naye saa nzima. Shida kubwa nilizokutana nazo zilikuja watu wameshaanza kupiga vigelegele."

Tabasamu akacheka mpaka akashika tumbo. "Lakini hili halijazaa, mama yangu!"

"Basi tukae tuone."

Niliinama dirishani, nikamnong'oneza, "Mama watoto, unatuaibisha. Nimekagua kila kitu."

"Umekagua vizuri sana. Nenda kivulini, jua kali."

Nilikwenda kivulini nimekasirika. Nilijiambia kwamba gari si mzazi, na kwamba elimu yangu ya jioni imegeuzwa mzaha mbele ya muuzaji. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Injini ilinguruma polepole, gari pale pale liliposimama, na mke wangu alikaa nyuma ya usukani, mikono mapajani, akiitazama dashibodi bila haraka yoyote.

"Mama, mafuta yanakwisha," Tabasamu akasema.

"Nitalipia."

Baada ya nusu saa Tabasamu akaja na habari kwamba kuna mteja anataka kupita, gari lisogezwe. Sikuona mteja. Kisha akataka kuingiza mkono dirishani azime mwenyewe, na mke wangu akabonyeza kioo kikapanda taratibu mpaka mkono ukajiondoa wenyewe. Hapo ndipo nilipomtazama yule bwana usoni, na yale meno sikuyaona. Mwenye gari lisilo na kasoro angechoka tu kungoja. Huyu alikuwa na hofu.

Nikaondoka kivulini mbio kidogo, kadiri ya magoti yangu. Mshale wa joto ulikuwa umepita katikati na unaendelea kupanda. Sekunde chache baadaye kitu kikafoka chini ya boneti, na maji ya kijani yakaanza kuchirizika ardhini.

"Zima," nikasema. "Feni haizunguki. Gari likitembea upepo unaipoza rejeta ya maji, likisimama linachemka. Na likishachemka mara kadhaa, gasketi ya juu ya injini haina maisha."

Njia ya kwenda kituoni kwake inakatiza reli. Kila asubuhi magari husimama pale kupisha treni za mizigo, foleni nusu saa. Ningetia saini, Jumatatu ile ile angekuwa kando ya reli, moshi mbele, barua ya tatu nyuma.

Nilirudisha kalamu mfukoni, nikafungua daftari nikaandika swali la ishirini. Sikuona aibu. Kujifunza nimezoea.

"Haya, twende nyumbani," alisema mke wangu.

"Bado. Tulitazame lile jeupe."

"Lile? Umri wake na wa kitinda mimba wetu sawa!"

"Na ndiyo sababu nalijua. Vipuri vyake tuliviuza stoo kama chumvi. Duka lolote utavipata, fundi yeyote analifungua amefumba macho, na kwa mafuta linaonja tu, halinywi."

Nikaanza upya, swali la kwanza mpaka la ishirini. Boneti ilikuwa baridi, na injini ikashika mara ya kwanza. Pedali zilikuwa zimelika, na kilomita zilikuwa nyingi kweli kweli. Lilikuwa limetembea sana, lakini halikuficha. Barabarani shoksi ya mbele, ile inayomeza mashimo, iligonga, na tairi mbili zilikuwa zimekwisha upande mmoja. Hizo ni kasoro zenye bei, na bei zake nilizijua kwa kichwa.

Tuliporudi, mke wangu hakuzima. Safari hii niliketi naye mbele. Tulizungumza habari za watoto na paa linalovuja, jicho moja kwenye mshale. Mara nne nilisikia feni ikiwaka na kuzima yenyewe kama inavyotakiwa.

"Mama," Tabasamu akaita kutoka kwenye kiti chake, "ukizidi kukaa humo nitakutoza kodi ya nyumba!"

"Basi lete na chai, mwenye nyumba!"

Saa ilipotimia, mshale ulikuwa mahali pake. Nilimtajia Tabasamu gharama ya shoksi na tairi mbili, duka kwa duka. Akakuna kichwa, akazitoa kwenye bei. Mke wangu ndiye aliyetia saini.

Jumatatu tuliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Niliomba kufuatana naye, nikamwambia nataka kusikiliza shoksi mpya. Relini treni ilituzuia, mabehewa yakipita moja baada ya moja, madereva wengine wakipiga honi kama treni ina masikio. Mke wangu hakugusa honi. Aliutazama mshale, nami nikautazama, na haukusogea.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini mlinzi wa kituo alitufungulia geti akiwa bado anafunga mkanda.

"Mama mkunga! Leo umelala hapa?"

Akamletea daftari la mahudhurio dirishani. Ukurasa wa siku ile ulikuwa mtupu. Aliandika jina lake mstari wa kwanza, na kando yake saa, kwa tarakimu kubwa kuliko kawaida yake. Kisha akachukua mkoba.

"Na wewe utarudije, mzee?"

"Kwa basi," nikamwambia. "Mimi hakuna anayenidai saa moja."

Kutoka ndani mwanamke akalia kwa uchungu, na mke wangu akaenda bila kugeuka nyuma.