Jalada la Daktari wa Mama

Dobi alipofika ghorofa ya tatu, kwenye ofisi ya rejista ya madaktari, miguu haikuwa yake tena. Lifti ilikuwa mbovu, bila shaka. Lifti za ofisi za umma huchagua kuharibika siku ile mtu hana nguvu. Siku ya kumi na mbili hii analala kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mama yake, mchana anapiga pasi mashuka ya hoteli, na leo, badala ya kupumzika, ametumwa kumchunguza daktari.

Aliyemtuma ni kaka yake mkubwa, anayeishi mbali na kuuguza kwa simu. "Usitie saini mpaka umwangalie huyo mtu kwenye rejista ya madaktari," alisema asubuhi. "Siku hizi hata matapeli wanavaa makoti meupe. Anampasua mama yetu, na hatujui hata kasomea wapi!"

Angekuwa karibu, dobi angemtupia pasi. Lakini neno lile lilimkaa kichwani. Mama alikuwa na uvimbe tumboni, upasuaji ni kesho asubuhi, na fomu ya ridhaa ilitaka saini ya mgonjwa na ya ndugu kabla ya saa kumi. Saa kumi ikipita nafasi anapewa mwingine, na mama hakuwa na mwezi mwingine wa kusubiri.

Karani wa rejista alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Kaa, mwanangu. Kusoma ruksa, kuondoka na kitabu marufuku," alisema, kana kwamba kuna mtu angeweza kulibeba dude lile. Akapitisha kidole: jina, namba, chuo, mwaka, bingwa wa upasuaji. Vyote vipo. Dobi akashusha pumzi.

"Ila hapa mwisho pana neno," karani akasema.

Lilikuwa la wino mwekundu. *Alisimamishwa miezi sita. Tazama jalada.*

"Kosa gani?"

"Sijui, mwanangu. Majalada yako chini, na mwenye ufunguo ameenda kula."

Mwenye ufunguo alikula kama mtu asiye na kazi. Dobi akasinzia, akaamka, akasinzia tena. Saa nane ikapita ndipo jalada likaletwa, jembamba, limejaa vumbi.

Ukurasa wa kwanza haukutaja majina. Mgonjwa mwanamume, miaka thelathini na nane, alipasuliwa ngiri. Kitambaa kikasahaulika tumboni. Akafa siku ya kumi na moja. Loo! Dobi akatikisa kichwa. Kuhesabu vitambaa ndiyo kazi yake. Foronya moja tu ikipungua, anapekua mashine zote. Mtu anasahauje kitambaa ndani ya mtu?

Akafunua ukurasa wa pili amwone mlalamikaji. Jina lilikuwa la mama yake. Saini ilikuwa ya mama yake, na ule mkia mrefu uliokuwa chini ya ripoti zake zote za shule. Jina la marehemu lilikuwa la baba.

Nyumbani waliambiwa baba moyo wake ulisimama. Dobi alikuwa na miaka sita wakati huo, na kaka kumi na miwili.

"Nikuletee maji?" karani aliuliza. Dobi alikuwa ameshashika njia.

Saa tisa na robo alikuwa wodini. Mama alikuwa ameegemea mto, kakonda, macho makali vilevile. "Umechelewa. Fomu hiyo hapo, mimi nimeshasaini."

"Mama, nimesoma jalada lake. Ni yeye."

Mama akajiweka sawa kwenye mto. "Kumbe umesoma."

"Ulituambia moyo wa baba ulisimama!"

"Kwani haukusimama?"

"Usinifanyie mzaha, mama, nakuomba." Hasira zilimpanda mpaka macho yakajaa. Angepiga kelele, ila nguvu zote alikuwa ameziacha kwenye zile ngazi.

Mama akalegeza sauti. "Mlikuwa wadogo, mnaugua kila mwezi. Ningewaambia daktari kamuua baba yenu, nani kati yenu angekubali tena kuguswa na daktari?"

"Na sasa unataka akupasue wewe? Huyuhuyu?"

"Siku ya shauri hospitali ilileta madaktari sita. Watano wakala kiapo kwamba baba yenu alifika pale kashakwisha. Wananitazama usoni, hawapepesi macho. Wa sita alikuwa kijana. Akasimama, akasema, 'Mimi ndiye niliyehesabu, mimi ndiye niliyekosea, muuguzi msimguse.' Usidhani sikumchukia. Mpaka leo zipo siku namchukia. Lakini hao watano, rudi ukawatafute kwenye kile kitabu cha madaktari. Weupe, hamna hata nukta. Mmoja wao ndiye bingwa mwingine wa hapahapa. Haya niambie, nijilaze mbele ya nani?"

Dobi akaichukua fomu.

Saa kumi kasorobo daktari akaingia, kichwa kimejaa mvi. "Shikamoo, mama," alisema taratibu, na mama akaitikia. Dobi alikuwa kasimama, fomu mkononi.

"Kesho vitambaa mtahesabu mara ngapi?"

Daktari hakuuliza kwa nini. Alimtazama mama, mama akamwitikia kwa kichwa.

"Sheria ni mara mbili. Mimi huhesabu mara tatu. Tangu wakati ule."

"Hesabu mara nne."

"Nne," daktari akasema.

Dobi akatafuta mahali pa ndugu, akaandika jina lake, akatia saini.

Alikuwa bado kwenye korido simu ilipolia. "Vipi, umemwangalia?" kaka akauliza. "Yumo kwenye rejista?"

"Yumo."

"Rekodi yake safi?"

Dobi akaegemea ukuta. "Ndiye aliyemuua baba," alisema, na kabla kaka hajavuta pumzi akaongeza, "na nimeshatia saini. Sasa panda basi uje, kaka. Mimi nimechoka."