Kitendawili Alichonitega Shatha

Mwanangu Wadha alipofariki mwaka jana, nilikataza jina lake lisitajwe nyumbani kwetu Azaiba, Maskati. Nilidhani hivyo mjukuu wangu Shatha, mwanawe wa miaka tisa, atapoa upesi.

Jioni huwa tunategana vitendawili, mie na yeye. Wiki iliyopita akaniambia, "Kitendawili, bibi."

"Tega."

"Sote tunacho mdomoni, hakuna anayekitema."

Nikasema ubani wa kutafuna. Nikasema meno ya bandia ya babu yako. Hakucheka.

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Maskati yote."

Kawaida akishapewa mji hunipa jibu. Siku ile alisema, "Sitaki mji, bibi," akaenda zake kulala.

Jana nesi wa skuli akaniita. Mwezi mzima Shatha alikuwa akienda chumbani kwa nesi kulalamika tumbo, na mie kila asubuhi nnamkanda kwa mafuta ya habasoda.

"Bi Kheiria, tumbo halina ugonjwa," nesi alisema. "Anakuja kunihadithia mama yake. Akishalia, hurudi darasani."

Shatha alikuwa amelala kwenye kitanda cha nesi, uso kaugeuzia ukutani. Nikakaa kando yake, nikamshika mkono.

"Nimelipata jibu," nikamwambia. "Ni jina la mama. Wadha." Sikuwa nimelitamka tangu tulipomzika.

"Umechelewa, bibi," akasema taratibu. "Jibu nshampa nesi."

Lakini mkono wangu hakuuachia.