Chomoa Umeme Kwanza

Mashine ya kufulia iliunguruma, lakini maji yalitulia tuli juu ya mashuka. Fidelia alifunua kifuniko. Ile sahani yenye mabawa iliyo chini ya pipa, inayozungusha nguo, ilikuwa imegoma.

"Nitampigia fundi Davis aje kutoka Makambako," alisema.

Mumewe, Nahumu, alikuwa kwenye kiti karibu na jiko la mkaa. Miaka thelathini alitengeneza mashine za kusaga mahindi, toka Njombe hadi Mlangali. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa tatu, mkono wake wa kulia ulilala tu pajani, na maneno yake yalikuwa ya kuomba maji au blanketi.

"Chomoa umeme kwanza, Mama Jackline," alisema. "Toa nguo. Halafu izungushe sahani kwa mkono."

Fidelia alishangaa, ila alitii.

"Nzito au nyepesi?"

"Nyepesi. Inateleza tu."

"Basi mota ni nzima. Sahani imeachana na mhimili wake. Leta bisibisi."

Skrubu ya katikati ilikuwa imeshika kutu. Fidelia alihangaika nayo mpaka viganja vikamuuma. Aligeuka kusema kwamba hii ni kazi ya Davis, akaona mkono wa kushoto wa mumewe ukizunguka hewani polepole, kana kwamba unamsaidia. Akairudia skrubu. Akakandamiza kwa mikono yote miwili. Skrubu ikaachia.

Alimpelekea sahani. Nahumu alipitisha kidole kwenye tundu lake. Meno ya plastiki yanayoung'ata mhimili yalikuwa yamelika, laini kama ufizi wa kichanga.

"Mwambie Davis atume sahani mpya," alisema. "Yeye abaki hukohuko."

Sahani ilifika kwa basi siku ya tatu. Fidelia aliifunga mwenyewe, Nahumu akimwonya asikaze kupita kiasi. Mashuka yalipoanza kuzunguka, Nahumu aligeuzia uso dirishani.

"Zamani ningemaliza kwa nusu saa."

"Sisi imetuchukua siku tatu," alisema Fidelia, akikaa kando yake. "Na hakuna aliyekuwa akitukimbiza."

Nahumu aligeuza uso kutoka dirishani, akamtazama.

"Jirani yetu Konsolata analalamika pampu yake ya maji imekufa," alisema. "Hebu kamuulize. Akiiwasha, inatoa sauti gani?"