Bado Kitabu cha Sita

Wahenga walisema mwanzo mgumu. Hawakumjua mume wangu Merv. Nyumbani kwetu Adelaide kuna mashua bandani isiyo na sakafu, bafu lenye vigae hadi magotini, na ukuta wa bustani uliofika mahali ukakata tamaa. Kuanza hakujawahi kumshinda. Kumaliza ndiko kunakomshinda, na ndiyo maana aliponijia na habari ya vile vitabu nilimkatalia kabla hajafika katikati ya sentensi.

Wakati huo tulikuwa tunaendesha lori la trela mbili, mimi na yeye, kati ya Adelaide na Perth, tukipokezana usukani. Mmoja anaendesha, mwingine amelala nyuma ya viti, kwenye kitanda chenye pazia. Lori halisimami ila kwa mafuta, chakula na choo. Mimi nilikuwa wa usiku, yeye wa mchana. Ukiifanya kazi hii miaka mingi na mumeo unagundua kwamba mnatumia kitanda kimoja kila siku na hamlali pamoja.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kusikiliza, vimesomwa na mwanamume mwenye sauti nzito, ya upole. Merv alinieleza tukiwa tunakula kwenye kituo cha mafuta, upande wetu wa mpaka wa majimbo, kwa Raelene. Alisema ni hadithi ya nchi ambayo bahari yake ilihama usiku mmoja na kuacha wafalme wakigombania mchanga. Kuna majoka ya chumvi, na kuna binti anaitwa Teshi anayeifuata bahari huko ilikokwenda. Vitabu viliahidiwa saba, vikatoka vitano. Mwandishi, bibi mmoja wa Wales, hajasikika kwa miaka na miaka.

"Tuanze pamoja," Merv alisema. "Kila tunapobadilishana usukani tusikilize kidogo kabla mmoja hajaenda kulala. Vitatuchukua mwaka na ushee."

"Na cha sita?"

"Kitatoka tu."

"Hata mashua yako ilikuwa ielee tu."

Raelene, mwenye jiko, alikuwa akitukaangia nyama ya kuweka kwenye mkate. Alicheka mpaka nyama ikaungua upande mmoja. "Wewe Glenys," akasema, "ulipoolewa na huyu ulionyeshwa mwisho kwanza?" Nikamwambia ningeonyeshwa mwisho ningedai bafu kwanza. Kisha nikamgeukia Merv nikamwambia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi sitavua nguo kwa maji ambayo mwenyewe anasema yalihama.

Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kusema. Sababu ya kweli niliimeza pamoja na chai. Nilikuwa nimeshakubali kazi ya ofisini, pale kwenye yadi yetu Adelaide, ya kupanga safari za madereva. Ningeanza mwezi wa kumi, baada ya fainali ya mpira. Mgongo wangu ulikuwa umechoka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka zaidi ya mgongo. Nilitaka kitanda kisichotembea. Nilitaka kupanda nyanya na kuwepo zinapoiva. Merv hawezi kukaa nyumbani. Siku ya pili anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliogopa kwamba nikimwambia nashuka atasema sawa, kisha atawasha lori. Niliogopa hiyo sawa kuliko ugomvi wowote. Sasa mtu wa namna hiyo anakwambia muanze kitu cha mwaka mzima. Kumkubalia ni kumwahidi mwaka ambao huna. Nikaenda nyuma ya pazia nikalala.

Ndoto zilianza majira hayo.

Sikuwa mtu wa kuota. Mimi nikilala nimelala. Lakini Nullarbor, katikati ya njia yetu, ni pahali pa ajabu kulala mchana. Ni tambarare tupu, haina mti, na zamani ilikuwa sakafu ya bahari. Ukiokota jiwe unakuta kombe ndani yake. Chini kuna mapango, na juu kuna matundu yanayovuta na kutoa hewa siku nzima. Jua linapita kwenye pazia la rangi ya chungwa, lori linayumba polepole, na wewe hujui kama uko juu ya ardhi au chini yake.

Katika ndoto nilikuwa natembea kwenye sakafu ya bahari, na maji hayakuwepo. Niliona mashua imekaa kwenye nchi kavu, na ndani yake mzee ameshika makasia. Alikuwa mwenye kivuko. Watu wote walihama kuifuata bahari, yeye akabaki, akisema haitakuwa adabu irudi imkose. Kulikuwa na binti ameshika kikombe cha buluu, anataka kuvuka kwa miguu, na mzee anamwambia, kaa kwanza, yanakuja. Nyuma yao majoka meupe yalikuwa yamelala kwenye chumvi yao kama mbwa kwenye baraza. Niliyajua majina yao yote, na sikuwa nimeambiwa na mtu.

Siku ya pili ndoto iliendelea pale ilipoishia. Safari ya pili vilevile. Nikawa nautamani usingizi. Kwa Raelene nilikuwa napiga mswaki haraka haraka nirudi kwenye pazia langu. Nikiamka nilikuwa sisemi na mtu, nimetulia kama aliyebeba maji kwenye sahani. Usiku naendesha, Merv anakoroma nyuma yangu, na mimi namfikiria mzee wa kivuko na mikono yake. Madereva waliniuliza kwenye redio mbona siku hizi siwatukani. Nikawaambia nimeokoka.

Merv sikumwambia. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, anaota majoka, nani amwambie nani? Halafu, nitasema ukweli, nilijisikia. Bahari na binti nilivisikia kwa Merv, lakini mzee wa kivuko hakuwa amenitajia, basi nilidhani ile tambarare yenyewe ndiyo inayozungumza nami. Miaka yote nimepita juu yake bila salamu, na sasa imejua naondoka, inaniaga. Kila safari nilijiambia kwamba nitamweleza Merv safari ijayo, na kila safari nilikwenda kulala kwanza.

Mwezi wa tisa ndoto ikakwama. Ilifika mahali Teshi anatoa mguu mmoja nje ya mashua, na kwa mbali inasikika sauti, labda maji, labda upepo, naye anageuka kumtazama mzee. Ikifika hapo inarudi nyuma. Mguu, sauti, kugeuka. Mguu tena. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Kisha alasiri moja ngamia akakatiza barabara. Merv alikanyaga breki, kichwa changu kikagonga ubao, nikaamka sawasawa. Merv akamtukana ngamia na ukoo wake, lori likashika mwendo tena. Nami nikiwa macho, nimeshika paji la uso, nikaisikia ile sauti nzito, ya upole, inasema polepole mbele ya pazia: Teshi akatoa mguu mmoja nje ya mashua.

Sikutikisika. Nikaisikiliza mpaka akageuka kumtazama mzee. Hapo sauti ikanyamaza. Nikasikia kidole cha Merv kikigusa kitufe, na sauti ikaanza upya, Teshi akatoa mguu mmoja.

Nilivuta pazia karibu ling'oke. "Umenianzishia," nikamwambia.

"Bibie, nilijua umelala."

"Umenianzishia bila idhini yangu!"

Nilimsema, na nikiamua kusema nasema. Nilimwambia kwamba kichwa changu si banda lake la kuwekea vitu nusu nusu. Nilimwambia ameniibia usingizi, akaniibia na ndoto, kwa sababu nilidhani ni zangu. Hilo ndilo lililoniuma hasa. Nilikuwa nimepewa kitu kikubwa na ardhi yenyewe, kumbe ni spika ya mlango wa lori. Merv aliacha niseme. Alisema tu kwamba kuendesha peke yake mchana kutwa kulikuwa kumemshinda, na kwamba aliweka sauti chini.

Nilipoishiwa pumzi akauliza, "Kwa hiyo umesikia mpaka wapi?"

"Mpaka wapi? Mpaka nimekinai. Huyo mzee wako ni mjinga, anamzuia mtoto wa watu kwa maji yasiyokuwepo. Na wewe mbona unarudia hapo hapo kila siku?"

"Ndiyo mwisho wa cha tano. Mbele hakuna."

"Basi zima."

Hakuzima. Tai alikuwa barabarani juu ya kangaruu aliyekufa, akainuka kwa uvivu, jinsi wanavyoinuka, tukampita. Merv alimwangalia kwenye kioo cha pembeni mpaka akapotea.

"Watu wa ofisini walinipigia," akasema. "Tangu mwezi uliopita. Waliniuliza nataka nani awe mwenzangu baada ya fainali."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikangoja uniambie," akasema. "Husemi. Basi nikaona, mradi huyu binti hajatoa mguu wa pili, na wewe bado umelala hapo nyuma yangu."

Niliona haya. Nilimpenda pia, mzee huyu na kidole chake kwenye kitufe, tambarare nzima, kwenda na kurudi. Nilimwambia asimamishe lori. Jua lilikuwa bado juu na zamu yangu haijafika. Nikamwambia aende akalale, mimi nitaendesha, nami nitamwambia ya mbele.

"Nimekwambia ya mbele hayapo."

"Kwako hayapo. Mimi nimeyaota."

Nilikuwa nimeota kidogo tu. Merv alipokuwa anarudia rudia mwisho ule, usingizi wangu ulichoka kungoja, siku mbili tatu ukaenda mbele wenyewe. Mengine niliyatunga njiani. Nilimwambia ile sauti ilikuwa maji kweli, lakini bahari haikurudi kwa wimbi. Ilipanda kutoka chini, kwenye matundu ya ardhi, kimya, na majoka ya chumvi yakaamka yakaanza kuyeyuka miguuni. Nyuma ya pazia Merv akauliza, na mwenye kivuko je? Nikasema tulia, tutamfikia.

Hatukumfikia. Tulipita mji wa Ceduna, tukaingia kwenye mashamba ya ngano, na kila nilipomsogeza Teshi ukingoni mwa mashua nilijikuta nampa sababu ya kukaa. Nilileta dhoruba. Nilileta mfalme mwenye shida. Nilimleta kaka yake aliyepotea, ambaye hata sikujua kama alikuwa na kaka. Merv alilala, akaamka, akalala tena, na mimi bado naongeza. Kulipokuwa kunapambazuka, Adelaide inaonekana, ndipo nilipojiona. Nilikuwa nafanya yale yale aliyoyafanya yeye kwa kitufe.

Nikaingia yadini, nikazima injini. Kukawa na kile kimya kinachokuja lori likizimwa, masikio yanaendelea kusafiri peke yake.

"Halafu?" Merv akasema nyuma ya pazia.

"Halafu nashuka, Merv." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka.

"Hilo najua, bibie. Nauliza Teshi."

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamwambia Teshi atasubiri, twende nyumbani tukanywe chai. Fainali ikaja ikapita, timu yetu ikafungwa kama kawaida yake, na Jumatatu nikaanza ofisini.

Sasa Merv anaendesha na mjane mmoja mwanamume anayezungumza kriketi tu. Mimi nina kitanda kisichotembea, na majuma ya kwanza kilininyima usingizi kwa kutulia kwake. Nyanya zilikubali. Kila anapokwenda Perth nampa mfuko, na kwa kuwa wakaguzi wa mpakani hawapitishi nyanya, kwa kuogopa wadudu, anazila zote kabla ya kufika. Ananipigia kutoka kwa Raelene mdomo umejaa, nami, nikiwa nimesimama bustanini karibu na ukuta wetu usiokwisha, namwongezea kipande. Raelene alidai simu iwekwe sauti juu asikie na yeye akikaanga. Wakaanza kusikia na madereva wengine, na siku moja mmoja akapaza sauti toka mezani, "Shemeji, mvushe basi huyo mtoto, tutakufa hapa." Nikamwambia ale alale.

Vigae vya bafu vimefika mabegani. Anaongeza kidogo kila akija, halafu anaondoka.

Teshi bado yuko vilevile, mguu mmoja nje, mmoja ndani, maji yamefika kwenye ubao wa mashua. Mwisho ninao. Ninao tangu kiangazi, na ni mzuri, hata mwenye kivuko anapata mwisho wake. Yule bibi wa Wales nilikuwa nikimtukana kwamba ni mvivu, au amesahau alikokuwa anakwenda. Simtukani tena. Nadhani kitabu cha sita na cha saba viko kabatini kwake, vimeisha kabisa, na kuna mtu mahali fulani anampigia simu na kumuuliza, halafu?