Ukuta wa Bathsheba

Gesare alikuwa mchoraji wa mjini Kisii, na alichopenda zaidi ni kuchora nyumba kuukuu kabla hazijabomolewa. Hakutumia rangi peke yake. Vilima vyake vya chai alivitia vumbi la mawe laini ya kuchonga kutoka Tabaka, mapaa aliyaezeka kwa nyasi halisi, na kuta alizikandika kwa udongo juu ya ubao. Shida ilikuwa hapo ukutani. Udongo ukikauka, ulipasuka na kubanduka. Alijaribu gundi, ukuta ukametameta kama plastiki. Alijaribu saruji, ukawa kama choo cha shule. Na maonyesho ya sanaa aliyoalikwa yalikuwa yamebakiza siku kumi.

Akaubeba ubao hadi Birongo kwa magokoro, yaani nyanya yake, Bathsheba, mjane wa miaka themanini na mmoja. Ajuza huyo aliugonga kwa kidole, kipande kikadondoka.

"Nani alikufundisha kukandika?"

"Hakuna, magokoro. Nilisoma kwa simu."

"Inaonekana."

Siku ya Alhamisi walichanganya udongo wa kichuguu na samadi mbichi na majivu, wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Gesare akanawa mikono, tayari kuanza.

"Uache ulale," Bathsheba akasema.

Ijumaa waliugeuza tu. Jumamosi ikawa Sabato, wakaenda kanisani, na udongo ukabaki umefunikwa kwa majani ya mgomba.

"Magokoro, siku zinaisha."

"Mungu aliumba dunia nzima na bado akapumzika. Wewe una ubao mmoja."

Jumapili asubuhi Bathsheba alijifunga leso, akapiga magoti mbele ya ubao, akaanza kupaka kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, tabaka nyembamba, nyembamba. Kila likikauka kivulini, walirudia. Gesare alifuata mkono ule kwa macho, kisha kwa mkono wake. Kufikia Jumatano ukuta ulikuwa umekauka bila ufa hata mmoja.

Siku ya maonyesho watu walijazana mbele ya picha ile. Mwalimu mmoja kutoka Nyamira alisema alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Mgeni wa heshima, msanifu wa majengo, akamuuliza Gesare ukuta ameutengenezaje.

Gesare akaenda hadi benchi la nyuma, akamshika nyanya yake mkono na kumleta mbele.

"Ukuta ni wake. Mimi nimechora vilima na kuezeka."

Bathsheba alijinyoosha, kofia yake ya kanisani ikiwa imekaa sawasawa.

"Nimekandika nyumba zaidi ya ishirini," alisema. "Zote zimebomolewa, watu wamejenga kwa matofali. Hata mimi nalala kwenye matofali, na napenda. Lakini kazi hii niliijua kuliko mtu yeyote Birongo."

Makofi yakapigwa. Kadi iliyobandikwa chini ya picha ilikuwa na jina moja tu, la Gesare. Gesare akaomba kalamu, akaongeza: na Bathsheba Nyakerario.

Bathsheba akainama, akalisoma jina lake herufi kwa herufi.

"Andika kubwa kidogo," akasema. "Walio nyuma hawaoni."